Winchi ya Mezani

Bosi alikuwa hali chakula. Sikilizeni vizuri: sisemi alikuwa mchaguzi, maana watoto wote huchagua. Huyu alikuwa hali. Ukimwekea karoti, anafunga mdomo na funguo anameza. Ukimwekea maharage, anayapanga pembeni mwa sahani moja moja, utadhani anayapeleka shule. Boga akiliona tu, machozi yanamlengalenga. Alikuwa na miaka minne, meno yote kinywani, na katika nyumba ile hakuna aliyeweza kumlisha isipokuwa mtu mmoja, baba yake.

Baba mtu alikuwa dereva wa winchi katika yadi ya makontena, na jina la kazi lilimganda: kila mtu alimwita Winchi. Alishinda juu, ndani ya kibanda cha vioo, akinyanyua makontena na vyuma. Sasa, dereva wa winchi mara nyingi haoni mzigo wake unapotua. Mzigo uko nyuma ya ukuta au ndani ya shimo, na yeye yuko mawinguni huko. Anachokiona ni mkono wa mpiga ishara aliyesimama chini. Kidole kikizunguka kuelekea juu, pandisha. Kikielekea chini, shusha. Ngumi ikifungwa, simama hapo hapo, hata kama chafya imekushika. Haulizi wala habishani. Anauamini ule mkono, basi. Asiyeweza kuuamini aende akauze nyanya.

Huo ndio mchezo aliouleta nyumbani. Kijiko kikawa winchi, mdomo wa mtoto ukawa ghala, na mtoto mwenyewe akawa mpiga ishara. Tangu hapo akaitwa Bosi, maana mzigo hauingii ghalani mpaka yeye aruhusu.

"Bosi, nina kontena la kijani hapa, limetoka mbali!"

"Ndani kuna nini?"

"Njegere, Bosi."

"Zinauma?"

"Haziumi, ila zina tabia ya kuviringika ovyo."

Basi Bosi atacheka, atanusa, ataonja kwa ncha ya ulimi, halafu atafunga ngumi. Baba atasimama mkono hewani mpaka bega limuume. Kisha kidole kitazunguka polepole kuelekea chini, na njegere zitaingia. Boga liliingia hivyo. Yai likaingia hivyo. Samaki alikaguliwa wiki nzima kwa tuhuma za miiba, naye mwishowe akaingia. Baba hakumlazimisha mtoto hata mara moja. Bosi akikataa, mzigo unarudi, kesho nayo ni siku. Jamani, mwanamume yule na mwili wake ule, anavyonguruma kwa midomo kama injini, ungempenda hata kama mmegombana.

Lakini mchezo ulimgharimu. Mbali na mji ule, safari ya siku mbili, kulikuwa kunajengwa bandari mpya, na bandari hiyo ilikuwa na winchi ambayo madereva waliizungumzia kwa sauti ya chini, kwa jinsi ilivyokuwa kubwa. Winchi alianza kazi akiwa mfagiaji, anafagia chini ya mitambo huku shingo imepinda kutazama juu. Alipoteuliwa kwenda kuiendesha ile kubwa, alifunga begi siku ile ile kwa furaha. Akaenda kwa majaribio. Hata mwezi haujakatika, mkewe akapiga simu: "Baba Bosi, mtoto hali. Anashindia chai. Amebaki macho tu."

Alirudi na gari la kwanza alilolipata. Mtu akishaambiwa mwanawe amekonda, atamwona amekonda; Winchi alimbeba akalia. Jioni ile akashika kijiko, akanguruma, Bosi akala sahani nzima. Winchi akamshukuru mkewe kwa kumwita mapema, akaiacha ile kazi. Alirudi yadi ya zamani, kwenye mtambo mzee unaolia kila ukigeuka. Watu wakimuuliza, anajibu: "Mtoto kwanza."

Sasa mwaka umepita, na asubuhi moja, yuko juu kibandani, simu ikaita. Alikuwa msimamizi wa bandari mpya. Dereva waliyemchukua ameondoka. "Nakutaka wewe," msimamizi akasema. "Lakini nina mwingine anasubiri, na leo lazima nimjibu. Hii ni mara ya mwisho, ndugu yangu. Sitakusumbua tena."

Winchi aliitazama yadi yote chini yake. Moyo ulikuwa unamwambia sema ndiyo.

"Mwanangu hali bila mimi," akasema. "Mpe huyo mwingine."

Akakata simu kifua kimejaa. Kiliuma, sisemi hakikuuma, ila kiliuma kwa fahari.

Saa chache baadaye upepo ukaanza. Upepo ukizidi, winchi zote husimama; chuma kikiyumba juu hakina adabu. Wakaambiwa washuke, waende makwao. Ikawa leo atamchukua Bosi mapema kutoka kwa msusi, jirani yao aliyekuwa akikaa naye mchana, kwa kuwa mama yake alishona sare za shule kwenye karakana moja na kurudi jioni.

Alimkuta msusi barazani, kichwa cha mteja katikati ya magoti. "Ala, shemeji! Leo mapema!"

"Upepo, shemeji."

"Pita ndani, watoto wanakula."

Akapita. Watoto wa msusi walikuwa wamelizunguka sinia moja, na kati yao, magoti chini, mikono imejaa mchuzi mpaka kwenye viwiko, alikuwa Bosi wake. Anakula maharage. Anakula mboga za majani kwa konzi. Alimega boga, akalitupia mdomoni bila hata kulitazama, kisha akamvuta samaki, akamchambua miiba kwa vidole vyepesi kama bibi kizee mwenye uzoefu wake. Hakuna aliyenguruma. Hakuna aliyembembeleza. Mwenzake alipogusa kipande chake, Bosi alimpiga kofi mkononi.

Winchi aligeuka pale pale mlangoni. Akarudi barazani.

"Shemeji, huyu huwa anakula hivi?"

"Hivi?" Msusi akacheka. "Leo anajizuia. Huyu si mtoto, ni mchwa! Ukisahau kiti hapo, utakuta miguu mitatu."

"Tangu lini?"

"Tangu nianze kukaa naye. Hata ule mwezi uliosafiri, si alikuwa analala hapa hapa? Mama yake alikuwa na sare za shule nzima. Alikula huyu, mpaka vigauni vikambana. Kwani vipi?"

"Hakuna kitu," akasema. Kwa kweli kila kitu kilikuwa kimevunjika.

Njiani alimbeba Bosi mabegani, upepo unawasukuma. Hakutaka kuuliza, akauliza.

"Bosi, kwa mama msusi unakula mwenyewe. Mbona nyumbani huli?"

Bosi akamwinamia sikioni. "Ni siri."

"Ya nani?"

"Yangu na Mama. Nikila mwenyewe, utaenda kwenye winchi kubwa, na hutarudi."

"Mama alisema lini?"

"Zamani. Na kila siku ananikumbusha."

Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, nasi tukaona ni maneno ya wazee tu. Winchi alitembea hadi kwake bila kuona njia. Kila siku ananikumbusha! Kwa hiyo kila jioni, kabla hajanawa mikono, kabla hajashika kijiko, wawili wale walikuwa wameshapatana. Amepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa mwaka mzima, naye akajiona anang'aa.

Alipofika alimpigia msimamizi.

"Nimempa mwingine dakika ile ile," msimamizi akasema. "Ameshapanda gari. Lakini nikwambie kitu? Nimewasimulia vijana wote hapa. Nimewaambia, mnaona mwanamume? Mtoto kwanza. Wamekupigia makofi."

Nadhani hayo makofi yalimuuma kuliko kazi yenyewe.

Mkewe aliingia jioni, nyuzi zimemganda kwenye nguo, tabasamu usoni. Bosi alikuwa anacheza uani.

"Nimemkuta mwanao anakula samaki," Winchi akasema.

Tabasamu likazimika. Mwanamke akaweka mkoba chini taratibu. "Nani kakwambia?"

"Unasikia unavyouliza? Huulizi kama ni kweli. Unauliza nani kaniambia."

Akakaa kwenye kiti, mikono mapajani. Hakukana, tumpe haki yake.

"Nilikuomba usiende," akasema. "Umesahau? Nilikwambia, Baba Bosi, nyumba itanielemea, naogopa. Ukanijibu, wewe mtu mzima, utazoea. Ukaendelea kufunga begi huku unapiga mluzi. Nikajua mimi sina uzito kwako. Nikatafuta mwenye uzito."

"Ukamfundisha mtoto kunidanganya."

"Nilimfundisha kukubakisha."

"Mwaka mzima, Mama Bosi! Nanguruma hapa mpaka koo linakauka, nyinyi wawili mnajua! Mlikuwa mnanicheka?"

"Hakuna aliyecheka. Siku nyingine nilikuwa nakwenda jikoni nalia."

"Ungelia mbele yangu!" Alipiga ukuta kwa kiganja. "Ungenishika shati! Ungetupa lile begi nje! Ningekasirika, lakini ningejua nimefungwa na nani. Leo asubuhi wameniita tena. Nimekataa. Nimekataa kwa ajili ya mtoto anayelamba masinia kwa jirani!"

Hilo mkewe hakulijua. Akafunika mdomo kwa mkono.

"Piga simu," akanong'ona. "Waambie..."

"Nimepiga. Imekwisha." Sauti yake ikashuka, na iliposhuka ndipo ikatisha. "Jambazi angenichukulia kazi, ningejua nimeibiwa. Wewe uliichukua, na mimi nikakushukuru. Nilikushukuru, unakumbuka? Umenisaliti, mke wangu, na sijui nitaiweka wapi hii."

Mkewe alilia, safari hii mbele yake. Winchi alimwangalia. Lile neno la mluzi lilikuwa limemchoma, maana lilikuwa kweli. Alipiga mluzi siku ile. Lakini ukweli mmoja haufuti mwingine, na uliomkaa kooni jioni ile ulikuwa wa kwake.

Hata hivyo mtoto lazima ale. Mezani kulikuwa na wali, maharage na boga. Bosi alipanda kwenye kiti chake, akaweka viwiko mezani, akangoja. Baba yake akamsogezea sahani na kijiko.

"Kula mwenyewe, mwanangu."

Bosi alikitazama kijiko. "Sili."

"Boga lako hilo."

"Sili!" Akaisukuma sahani, na machozi yakaja, makubwa, ya kweli, siku hiyo hakukuwa na mchezo ndani yake. "Nikila utaenda!"

Winchi akapiga magoti kando ya kiti. "Siendi. Kazi ile amepewa mtu mwingine. Hata nikitaka, hakuna pa kwenda. Umenisikia? Kula, kunywa, nenepa, mimi nipo."

"Hata nikimaliza yote?"

"Hata ukiomba nyingine."

Bosi alijifuta pua kwa mkono, akashika kijiko. Alikula kijiko cha kwanza kwa woga, cha pili kwa haraka kidogo, halafu akasahau kabisa. Alikula boga, akala maharage, akakwangua wali uliobaki pembeni. Alikuwa na njaa, na alikula vizuri. Mama yake alikaa upande wa pili, macho mekundu, hagusi chakula. Winchi alikaa mikono mitupu, hana la kufanya, akimtazama mtoto akijilisha mwenyewe, mtoto ambaye ili amlishe yeye aliiacha winchi kubwa.

Sahani ilipobaki nyeupe, alimpangusa mdomo. Akamuuliza kwa upole, kwa sababu alihitaji walau kimoja kibaki chake.

"Bosi, nikuulize. Ule mchezo wetu wa winchi, ulikuwa unaupenda kweli?"

Bosi alifungua mdomo ajibu. Kisha akaufunga, akageuka, akamtazama mama yake kwanza.