Bi Alma na Serikali ya Vyama Vitano

Alma Raudkats alikuwa mkunga wa Vaidumäe, kijiji cha Estonia, na vijiji vya jirani, na siasa zilimjia kama mimba ya uzeeni: hakujua acheke au alie.

Aliyemtia humo ni Eduard Vilbaste, mwalimu wa zamani mwenye sauti tamu na viatu vinavyong'aa hata wakati wa matope. Eduard alikuwa ameanzisha Chama cha Wakulima Wapya, chama cha watu waliogawiwa mashamba baada ya jamhuri mpya kuyavunja mashamba makubwa ya mabaroni, makabaila wa Kijerumani. Alitaka jina la mwanamke chini ya lake kwenye orodha ya wagombea ubunge.

"Tukuweke tu, Bi Alma, kina mama wafurahi. Hutashinda, usiwe na wasiwasi."

Alishinda. Kina mama aliowazalisha walikwenda kumpigia kura na waume zao wakiburutwa nyuma. Kampeni yake ilikuwa neno moja, nalo alilisema kila jikoni alimoingia: ardhi tuliyopewa hairudi kwa baroni. Na kila mtu alijua ni baroni gani. Ni von Ramnitz, aliyekuwa na Vaidumäe yote tangu enzi za mababu zake, na ambaye sasa alibakiwa na nyumba, bustani na kipande cha msitu. Naye alikuwa amegombea, kwa chama cha Wajerumani, naye akapata kiti.

Bunge lilikaa Tallinn, mji mkuu, juu ya kilima cha Toompea. Hakuna chama kilichokaribia hata nusu ya viti, kwa hiyo kila mtu alimhitaji kila mtu. Korido zilijaa moshi wa sigara na watu wa kunong'ona. Siku ya kwanza Alma aliambiwa chama chake kinakutana chumba cha mwisho, kushoto. Akafungua mlango, akawakuta watu wanakunywa kahawa, akapewa kiti na kikombe. Mtu mmoja mwenye ndevu nyekundu alikuwa akizungumzia haki za vibarua na zahanati za vijijini. Maneno yalimwingia. Alipoulizwa, "Wewe unaonaje, Bi Mkunga?" akajibu, "Naunga mkono, tena kwa mikono miwili."

Wakapiga makofi. Alipotoka ndipo alipomkuta Eduard kasimama koridoni, uso umemwiva.

"Ulikuwa wapi?"

"Mkutanoni."

"Mkutano gani? Wale ni wasoshalisti, mama! Mlango wetu ni ule mwingine!"

Kesho yake gazeti liliandika kwamba mkunga wa Vaidumäe amekihama chama chake. Alma alilisoma huku anakula mkate mweusi na dagaa wa chumvi, akaisukuma sahani kando. Eduard alimgombeza asubuhi nzima: msimamo, nidhamu, heshima ya mpiga kura. Alma aliinamisha kichwa kama mwali.

Wiki haijaisha, Eduard huyo huyo akaja anatembea kama ana mabawa.

"Jiandae, Bi Alma. Tunaungana na wasoshalisti."

"Si ulisema ni aibu?"

"Ilikuwa aibu kwenda bila makubaliano. Sasa yapo."

Basi Alma akaenda tena kwenye chumba kile, safari hii kwa ruhusa, akamwamkia yule mwenye ndevu nyekundu, Leo Käspert, kwa furaha. Leo akamtazama kwa huruma.

"Bi Mkunga, hujaambiwa? Bwana Vilbaste wako katuacha tangu jana jioni. Yuko chumba cha juu na matajiri wa mjini."

Alma akasimama na mkoba wake mkononi. Kwenye uzazi, hata ukiwa mgumu vipi, mtoto anatoka upande mmoja. Humu ndani hakuona kichwa wala miguu.

Mwishowe serikali ikapatikana, ya vyama vitano. Eduard alipewa uwaziri wa kilimo. Alimweleza Alma nani yumo, akihesabu kwa vidole, na alipofika cha tano akakohoa.

"Na Wajerumani."

"Na baroni?"

"Baroni ni mwenzetu sasa."

"Mwenzetu katika nini, Eduard?"

"Katika utulivu wa nchi."

"Mimi niliingia jikoni mwa watu nikiwaambia..."

"Kwani mimi nilikwambia uingie? Sikiliza. Ukikataa, serikali itaanguka, na itakuja nyingine, sisi hatumo, na baroni yumo. Unataka hiyo?"

Alma hakujua kama ni kweli. Aliupindua ule usemi kila upande na bado hakujua. Kura ilipoitishwa ukumbini, mkono wake ulibaki pajani, kisha ukapanda, kama si wa kwake. Ng'ambo ya ukumbi von Ramnitz naye alikuwa ameinua wake. Wakatazamana, wageni wawili walioingia harusi isiyo yao.

"Hata wewe, Bi Mkunga!" Leo akapaza sauti kutoka viti vya upinzani.

Serikali ikapita. Watu wakapiga makofi. Alma alipiga mara mbili tatu, akaacha, asijue anampigia nani.

Kwenye treni ya kurudi kwao alikaa behewa la daraja la tatu, na aliyekuja kukaa mbele yake ni baroni mwenyewe, koti limechakaa viwikoni. Treni ikaingia kwenye misonobari.

"Bibi Raudkats," baroni akasema kwa Kiestonia chake cha kigumugumu, "wewe ndiye uliyegawiwa upande wa ghala letu la zamani?"

"Ndiye mimi."

"Paa bado linavuja pembe ya kaskazini?"

"Linavuja."

"Lilimshinda hata babu yangu." Akatazama dirishani. "Nami nimewaahidi watu wangu kwamba nitairudisha ardhi. Sasa nimempigia kura waziri wenu. Unaelewa, wewe?"

"Mimi sielewi kitu, Bwana Baroni."

"Afadhali. Nilidhani ni mimi peke yangu."

Alma alitaka kumchukia, akakuta chuki haiko pale alipozoea kuiweka. Akakata jibini, akampa kipande. Akakipokea kwa mikono miwili.

Stesheni, kina mama walikuwa wanamngoja na maua ya rangi ya zambarau. Ella, jirani yake, akamkimbilia kabla hajakanyaga chini vizuri.

"Tumeshinda, mama?"

"Tumo serikalini."

"Hilo ndilo kushinda?"

Kabla hajajibu, baroni alishuka behewa lile lile. Nyuso zikakauka. Mzee yule akavua kofia. "Safari njema hadi nyumbani, Bibi Raudkats."

Wote wakamgeukia Alma. Damu ilimpanda mashavuni, lakini akajibu kwa sauti ya kusikika, "Nawe pia, Bwana Baroni."

Ella akayateremsha maua. Walitembea kuelekea kijijini, na karibu na kinu cha upepo Ella akasema, "Alma, mimi sijakasirika. Ila utaniambia polepole, kuanzia mwanzo."

"Nitakuambia," Alma akasema. "Nikijua mwanzo ni upi."