Vipimo vya Fundi Harithi

Salha alimkuta mdogo wake amekufa Jumanne saa mbili asubuhi, alipompelekea chai. Akidhani hajafika, alifungua kufuli la fremu ya huyo mdogo wake, duka la ushonaji pale Majengo, akasukuma mlango, akamwona Harithi amelala kifudifudi chini ya meza ya kukatia, futi yake ya kupimia imemzunguka shingoni. Hakupiga kelele. Aliweka chupa ya chai chini, akamfunika marehemu kwa kitambaa cha suti, ndipo akatoka kuita watu.

Mpelelezi aliyepewa kesi hiyo alikuwa Stesheni Sajenti Thobias Chilewa, mwenyeji wa Mlali, mtu wa miaka hamsini na tatu ambaye hakuwahi kuoa. Wenzake kituoni walishazoea. Walisema amefunga ndoa na mafaili. Ilikuwa Agosti, upepo wa Dodoma unapuliza vumbi mpaka ndani ya meno, na Thobias alikuwa na wiki ya tatu halali vizuri. Alipotajiwa jina la marehemu aliomba atajiwe tena, ingawa alikuwa amesikia.

Alimfahamu Harithi. Miaka kumi na mitano nyuma aliingia mara mbili katika chumba cha nyuma cha fremu ile, Jumapili alasiri, mtaa ukiwa umetulia. Wanaume saba au wanane walikuwa wakikutana humo. Majirani waliwaita wacheza karata wa Harithi, na kweli karata zilikuwepo mezani. Lakini wao walikuwa wanaume waliopenda wanaume wenzao, na chumba kile ndicho mahali pekee mjini walipoweza kusema hivyo kwa sauti ya kawaida. Sheria haikuwa upande wao, na mtaa ungeweza kuwa mbaya kuliko sheria. Mara ya tatu Thobias alifika mpaka mlangoni, akasikia vicheko ndani, akageuka. Wiki hiyo alikuwa amepandishwa cheo. Tangu hapo, akimwona Harithi barabarani, alivuka upande wa pili.

Sasa alisimama juu ya maiti yake akiandika vipimo vya chumba.

Mpaka alipofika, mgambo walikuwa wameshamkamata mtu. Batholomeo, msukuma mkokoteni, alikuwa akilala kwenye baraza ya fremu, na asubuhi ile alikutwa amevaa shati la Harithi.

"Alinipa mwenyewe," Batholomeo alisema kila alipoulizwa. "Lilikuwa limembana."

Mkuu wa upelelezi wa wilaya, Afande Restuta, alitaka jalada lifungwe haraka. Hakuwa mwanamke mkatili. Alikuwa na majalada arobaini mezani na askari wachache.

"Afande, sio huyu," Thobias alimwambia. "Lile kufuli ni la zamani, halifungi bila kuzungusha ufunguo. Ufunguo wa marehemu tumeukuta mfukoni mwake, na dada yake alikuwa na wake. Aliyeua alifunga kwa nje. Batholomeo angetoa wapi ufunguo?"

"Una siku tano," Restuta alisema. "Baada ya hapo anapelekwa mahakamani."

Katika fremu kulikuwa na mambo mawili ya kutazama. La kwanza ni daftari la vipimo: ukurasa wa mwisho ulioandikwa ulikuwa umechanwa. La pili ni koti la suti, rangi ya samawati iliyoiva, lililopigwa bandi tu kwa uzi mweupe, bado halijashonwa kwa mashine. Thobias alilipapasa mabegani. Kulia fundi alikuwa ameweka pedi moja, kushoto mbili. Lilikuwa koti la mtu ambaye bega lake la kushoto limeshuka.

Alimtembelea Salha nyumbani siku ya pili, baada ya mazishi. Wanawake walikuwa bado wamekaa mkekani. Salha alimtoa uani.

"Shikamoo, Bi Salha. Pole sana na msiba."

"Marahaba. Nimeshapoa."

"Funguo za lile kufuli zilikuwa ngapi?"

"Mbili. Wangu na wake."

"Bi Salha, zikiwa mbili, basi aliyefunga ule mlango ni wewe."

Mama yule alimtazama. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha, lakini hayakuyumba.

"Wewe ndiye Thobias," alisema. "Ulikuja mara mbili. Ulikula maandazi yangu ukasema hujawahi kula kama yale."

Thobias alifunika kalamu yake.

"Unadhani nani alikuwa akiwapikia? Miaka kumi na saba, kila Jumapili. Watu wakiniuliza kwa nini mdogo wangu haoi, nawaambia mchumba wake alifariki. Nimemzika huyo mchumba mara nyingi mpaka nimeshampa jina." Alikaza kanga yake. "Funguo zilikuwa tatu. Wa tatu alimpa mtu. Hakuniambia nani, na mimi sikumuuliza. Alikuwa na furaha. Nikaogopa nikiuliza itaondoka."

Aliyeweza kujua ni Mbaruku, muuza nafaka, rafiki mkubwa wa Harithi na mtu wa kwanza kukaa katika chumba kile. Thobias alimkuta sokoni kati ya magunia ya uwele na alizeti. Mbaruku alikuwa baba wa watoto watano, mwenye kofia safi na sauti ya chini. Alipoliona koti mkononi mwa Thobias, aliingia nyuma ya magunia, Thobias akamfuata.

"Miaka kumi na mitano hutusalimii," Mbaruku alisema. "Leo umekuja na jeshi la polisi."

"Nimekuja peke yangu."

"Hakuna polisi anayekuja peke yake."

Thobias alilishika koti kwa mabega. "La nani?"

Mbaruku aligusa bega la kushoto kwa vidole viwili, akavuta mkono kama aliyeungua. "Ukimkamata huyu, atatutaja. Mmoja mmoja. Na mke wangu atasikia kwenye genge kabla sijafika nyumbani. Umefikiria hilo?"

"Sifikirii kingine. Lakini kuna mtu yuko mahabusu kwa sababu amevaa shati alilopewa. Nisipomleta mwingine, atashtakiwa kwa mauaji."

"Nipe siku moja. Si roho yangu peke yake."

Thobias alimpa. Alirudi chumbani kwake Chang'ombe, akakaa kitandani na viatu miguuni mpaka ugali aliokuwa amenunua ukapoa. Yeye mwenyewe hakujua alitaka Mbaruku amjibu nini.

Kesho yake adhuhuri Mbaruku alikuja mwenyewe, wakakutana nyuma ya ofisi ya kata. Alionekana kama mtu aliyebeba gunia usiku kucha.

"Tumekaa," alisema. "Mmoja ameondoka asubuhi kwenda Singida, hatarudi. Mwingine amelia. Lakini tumekubaliana. Harithi alituficha miaka yote hiyo, na hakuna siku alituuliza mtaniletea nini. Mkamate. Anaitwa Jordan. Alianza kuja akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu kule Chimwaga, sasa ni ofisa hapa mjini. Anaoa mwezi ujao." Alisita. "Harithi alimpenda kijana yule, Thobias. Na yeye alimpenda. Usidhani hakumpenda."

Thobias alikwenda ofisini kwa Jordan na konstebo mmoja, akamwacha kwenye gari. Katibu muhtasi aliwapa chumba cha mikutano. Jordan alikuwa na miaka thelathini na miwili, mtanashati, shati limenyooka, bega la kushoto chini ya la kulia kwa kiasi ambacho mtu asiyetafuta asingekiona.

"Simfahamu fundi huyo," alisema. "Nguo zangu nanunua Dar."

"Livae hili, tafadhali."

"Kwa nini nivae nguo ya mtu?"

"Likikukataa, naondoka."

Jordan alilivaa. Lilimkaa kana kwamba lilikuwa linamsubiri. Mabega yake yakalingana, akaonekana mtu mwingine, aliyenyooka. Alijiona kwenye kioo cha dirisha, akageuka haraka.

Thobias alitoa kufuli mfukoni, akaliweka mezani. "Funguo zako."

Zilikuwa sita katika pete moja. Wa nne ulizunguka ndani ya kufuli bila kukwama.

"Ukurasa wa vipimo uliuchana. Ufunguo kwa nini hukuutupa?" Thobias aliuliza. Halikuwa swali la kipolisi.

"Nilisimama kwenye daraja kuutupa." Jordan aliketi. "Nilishindwa. Aliponipa huu ndipo aliponiambia, 'Sasa una kwako.'"

Kisha akaeleza, kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya mwingine. Jumatatu magharibi alikwenda kupima koti la harusi. Harithi mwenyewe ndiye aliyetaka kulishona. Alimpima kimya, halafu akamwomba arudishe ufunguo, na akamwambia amweleze mchumba wake, Yudith, ukweli kabla ya kanisa. "Usimfanye binti wa watu pazia," alimwambia. Jordan aliomba, akalia, akakasirika. Aliona kama Harithi ameshaamua kwenda kwa Yudith mwenyewe. Futi ilikuwa bado shingoni mwa fundi.

"Asingekwenda," Thobias alisema. "Hakuwahi kumsema mtu."

"Najua. Nilijua kabla sijaiachia." Aliinua macho. "Na wewe najua habari zako. Aliniambia kuna polisi aliyekimbia mlangoni, na kwamba alikuwa akimwombea. Ukinipeleka, nitasema yote. Nitaanza na wewe."

Thobias alichomoa ufunguo kwenye kufuli. Ile hofu aliyoibeba miaka kumi na mitano ilikuwa imefika hatimaye, na alipoitazama aliona imechoka kama yeye.

"Sema," alijibu. "Vua koti, hilo ni kielelezo. Twende."

Katika maelezo yake ya maandishi Jordan alikiri kuua, sababu ikiwa ugomvi juu ya suti iliyochelewa. Hakuwataja Mbaruku na wenzake. Kuwataja wao kulikuwa kujitaja mwenyewe mbele ya mama yake, aliyekuwa amekaa benchi la nje akisali. Batholomeo aliachiwa siku hiyo hiyo. Aliuliza mkokoteni wake uko wapi, hakuna aliyejua, akaondoka kwa miguu akiwa bado na lile shati.

Lakini jina moja Jordan alilitaja. Alimwambia Afande Restuta, wakiwa wawili.

Restuta alimwita Thobias, akafunga mlango. Alikaa akipanga kalamu zake.

"Mtuhumiwa amesema jambo juu yako," alisema. "Sijaliandika. Watuhumiwa wa mauaji husema mengi." Alisubiri. Thobias alijua akikanusha kwa neno moja, yangeisha.

"Sikanushi, afande," alisema.

Restuta alifumba macho kidogo. "Ungenisaidia kama ungekanusha."

"Najua."

"Basi omba kustaafu mapema. Sema magoti yanakusumbua. Nitapitisha leo. Siwezi zaidi ya hapo, Thobias, na kesho huenda nisiweze hata hilo."

Kabla ya kuondoka mjini Thobias alipita kwa Salha, akamweleza yote: nani, kwa nini, na Harithi alisema nini mwishoni. Alimweleza kwamba mahakamani itasomwa suti iliyochelewa. Salha alisikiliza mpaka mwisho.

"Mdogo wangu hakuwahi kuchelewesha nguo ya mtu," alisema, na hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile. Thobias alikaa naye mkekani mpaka adhana ya alasiri.

Dada yake Thobias, Paulina, alimpokea Mlali bila taarifa. Alikuwa akipeta uwele uani, ungo ukipanda na kushuka.

"Mbukwa," alimsalimu kwa Kigogo. "Likizo?"

"Nimeacha kazi, dada. Kuna mambo yangu itabidi nikueleze."

Paulina alimtazama uso, kisha begi, kisha uso tena. "Leo?"

"Leo siwezi."

"Basi oga kwanza," alisema, akaweka ungo chini kwenda kumchotea maji.