Mkono Kwenye Fenda ya Kushoto

Uvumi ulianzia kwenye foleni ya posho mill pale mtaa wa Pioneer, Nelima akiwa na debe lake la mahindi. Mwanamke mmoja alisema gari likigonga mtoto likatoroka, halishiki rangi tena, hata ulipeleke kwa fundi gani. Wengine walicheka. Nelima pia alicheka, akabeba unga wake, lakini yale maneno yalimfuata hadi jikoni yakakaa.

Gari la mumewe lilikuwa halishiki rangi.

Lilikuwa Corolla ya zamani, nyeupe. Boneti ilikuwa imefifia kama shati la shule la mtoto wa tatu kulirithi. Huku juu vanishi ilibabuka vipande vipande. Wanyonyi, mumewe, alisema ni jua. "Eldoret tuko juu sana, Mama Mideva. Jua linatufikia kabla halijafikia wengine." Siku ambazo si jua, alisema ni mvua ya mawe. Mafundi watatu walishalipaka. Boneti ilivumilia miezi, lakini fenda ya kushoto, lile bati la juu ya gurudumu la mbele, haikumaliza wiki. Na kila asubuhi Mideva, binti yao wa miaka sita, alipelekwa shule amekaa mbele, upande huohuo wa kushoto. Nelima alitaka kujua jambo moja tu: mtoto wake anapanda nini.

Fundi wa nne aliitwa Kipkoech, kibanda chake kiko kando ya barabara ya Kapsoya. "Usichimbe," Wanyonyi alimwambia. "Piga msasa kidogo, paka juu." Akaenda kazini. Nelima akabaki.

"Shuka hadi chini," alisema.

"Lakini mzee amesema juu juu."

"Mzee hayuko. Na hiyo chai unakunywa, nani ameleta?"

Kipkoech akacheka, akachovya msasa kwenye maji. Nyeupe ikatoka, nyeupe nyingine ikatoka, ya tatu pia. Chini kukawa na bluu, na kwenye hiyo bluu kulikuwa na mkono wa mtoto, umefungua vidole vyote vitano kama unaosukuma mlango.

"Hapa siwezi kusugua," Kipkoech alisema. "Pako na joto. Nitapaka nikizunguka."

Nelima aliugusa. Ulikuwa na joto la kawaida, la mtoto aliyetoka kucheza. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda.

Ndipo akakumbuka kwamba walipooana gari hilo lilikuwa bluu. Miaka minane iliyopita Wanyonyi alirudi nyumbani akasema amegonga mbuzi pale njia panda. Kesho yake gari lilikuwa kwa fundi. Juma lililofuata alienda kubadilisha rangi kwenye logbook, cheti cha usajili wa gari, maana yeye ni mtu wa kufuata utaratibu.

Gari lilirudi likipita njia panda, na Adoyo, anayechoma mahindi hapo, aliliona. Alikuja hadi getini na kigoda chake.

"Huyu ni Felix wangu," alisema. "Hicho kidole kilibanwa na mlango wa choo. Alikuwa darasa la kwanza. Gari la bluu lilimgonga, halikusimama."

Akausalimia mkono, akauliza kama umekula.

Tangu hapo alikuja kila Jumapili jioni na wembe. Mkono wenyewe haukukua, ila kucha zilikua, na Jumatatu walimu hukagua kucha. Adoyo alizikata taratibu, vipande vya rangi ya bluu vikaanguka kwenye leso yake. Mideva alishika leso.

Nelima alienda polisi. Askari alikuja, akaushika mkono, akaandika kwamba umemshika pia. Halafu akafungua logbook.

"Mama, hapa imeandikwa nyeupe. Faili yetu inatafuta la bluu."

"Si bluu hii unaiona?"

"Ninaiona. Lakini haijaandikwa." Akagonga mhuri kwenye karatasi, akaomba usiloweshwe na mvua, akaondoka.

Jumapili hiyo Nelima alisimama mbele ya mumewe. "Baba Mideva, mama wa watu yuko nje. Toka umwambie."

Wanyonyi alichungulia dirishani. "Nimwambie nini? Mpe chai."

"Ilikuwa mbuzi?"

"Ni jua, Mama Mideva. Nimekwambia mara ngapi ni jua?"

Alichofanya ni kugeuza gari, fenda ya kushoto iangalie geti, ili Adoyo asikanyage sukuma wiki. Kesho yake akampeleka mtoto shule kama kawaida. Mkono ulikuwa safi, kucha fupi.

Nelima hakusoma mbali, lakini kuandika anajua. Alichana karatasi ya daftari, akaandika, akaitia kwenye begi la Mideva:

Usioshe gari na sabuni ya kufulia, inakula rangi.
Usiliache juani kutwa.
Usikubali rangi mpya juu ya nyingine bila kujua ya chini ilikuwa gani.
Usiamini karatasi kuliko macho.
Usivuke njia panda bila mkono wa mtu mkubwa.
Usikae mbele. Baba akikuambia ukae mbele, sema unataka kulala kiti cha nyuma.
Usimwulize baba juu ya Felix gari likiwa linatembea.