Bomba Ndani ya Bomba

Asubuhi ile mirija ilikuwa imegeuka uji.

Mwenye kibanda cha juisi aliinua glasi kutoka pembeni ya kaunta akaitazama kwa mwanga wa jua. Jana yake, kabla ya kufunga, alikuwa ameisimamisha mirija mipya ya karatasi ndani ya maji yaliyochemshwa, kama alivyozoea kuisimamisha ya plastiki miaka yote, ili inzi wasiikalie wala vumbi lisiishike. Mikono ilifanya kazi yake bila kukiuliza kichwa. Sasa mirija ilikuwa imelaliana, imevimba, na mistari yake myekundu imeyeyuka ikayatia maji rangi ya mapambazuko.

"Wifi," alisema dada wa mumewe kutoka mlango wa jirani, "leo wateja watanyonya kwa mrija au kwa imani?"

Aliirudisha glasi kwenye kaunta. Wifi yake alikuwa fundi cherehani, na ulimi wake ulikata kuliko mkasi wake. Ukimjibu neno moja umempa kitambaa cha kushona mpaka jioni.

Mirija ya karatasi iliingia kibandani kwa sababu ya ahadi. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, hata dada yake wa tumbo moja, alikuwa fundi bomba maisha yake yote. Mvua ikinyesha na mitaro ikicheua, yeye ndiye aliyeitwa. Alikunja suruali, akaingia mpaka magotini, akatoa kwa mikono kilichoziba. Akirudi nyumbani alikuwa na hadithi moja isiyochoka: mirija. Mmoja peke yake ni unyoya, alisema, lakini ikishikana na tope ni ukuta, na nusu ya matofali ya ukuta ule yametoka kwenye kibanda chako, mama. Naye mkewe alicheka, akamwambia wateja hawawezi kunywa kwa vidole.

Kisha kiharusi kikaja, kikachukua upande wake wa kulia na sehemu kubwa ya maneno yake. Siku zile za hospitali, wakati hakuna aliyejua kama atarudi, mkewe alimshika mkono uliokuwa bado unahisi, akasema mbele ya Mungu na mbele yake kwamba akirudi nyumbani, mirija ya plastiki itatoka kibandani. Alirudi. Na ahadi ni deni.

Ila hakufikiri kwamba Fundi angeishikilia ahadi ile kwa nguvu kiasi kile. Spana zake zililala kwenye begi chini ya kitanda, na yeye alilala juu yake. Kazi iliyombakia duniani ilikuwa moja: kuhakikisha kwamba mitaro ya mtaa haipokei plastiki kutoka nyumbani kwake. Aliilinda kazi hiyo kama mlinzi wa ghala, kwa jicho na kwa nyusi.

Hapo ndipo shida ilipokaa. Fundi hakuweza kunywa kwa kikombe, maana mdomo wake haukufunga upande mmoja na maji yalishukia kifuani. Nesi aliyekuja kumtazama alimfinya ngozi ya mkono taratibu, na ngozi ikabaki imesimama kama hema. Alisema baba huyu anakauka. Akaagiza akae wima, anywe kwa mrija, kidogo kidogo, na jagi la maji liwe tupu kila siku jua likizama, la sivyo atarudishwa wodini kutundikiwa dripu.

Na mrija wa karatasi haukumsubiri. Mtu mzima mwenye afya humaliza glasi kabla karatasi haijajua kama imelowa, lakini Fundi alinyonya polepole, akapumzika, akanyonya tena. Kabla ya nusu ya glasi mrija ulilegea, ukabanana, ukamwachia vipande kwenye ulimi, akakohoa mpaka machozi. Mkewe alimpa mwingine, na mwingine. Mwisho Fundi alichoka kabla ya kiu yake.

Wifi mtu alileta mrija wa chuma, unang'aa kama sindano mpya. Uligonga meno. Fundi aliung'ata, akauachia, akasema maneno mawili ambayo yote yalitoka safi: "Ladha... spana." Walicheka wote watatu, hata yeye, kwa upande ule uliocheka, lakini hakuugusa tena. Kijiko alikifungia mdomo. Yeye hakuwa mtoto.

"Mpe plastiki," wifi alisema, akirudi kwenye cherehani. "Ndugu yangu anakauka kama nguo kwenye kamba, na wewe umeshika msahafu wa karatasi."

Akaendelea, mguu kwenye pedali, kwamba hiyo karatasi yenyewe ni nini kama si miti iliyokatwa, ikapakwa gundi, ikasafirishwa kwa lori, ikaingia mdomo mmoja na kutupwa. Mwalimu mmoja aliyekuwa akisubiri suruali yake alitikisa kichwa. Alisema amewahi kusoma kwamba kutengeneza mrija wa karatasi kunaweza kula maji na moto kuliko wa plastiki, ila wa plastiki ukishafika mtaroni hauozi, unawangoja wajukuu. Basi upi ni bora, mwenye kibanda aliuliza. Mwalimu alifikiri vizuri, kwa heshima ya swali. Inategemea, alisema, akachukua suruali yake akaenda.

Mchana ule mwanamke alipeleka mkono nyuma ya vikombe, akatoa pakiti ya zamani ya mirija ya plastiki. Ilikuwa imekaa pale tangu ahadi, kwa sababu kila alipotaka kuitupa hakujua pa kuitupa. Kutupa ndiko kulikokuwa kosa lenyewe. Alichukua mmoja mwembamba akampelekea mumewe. Fundi aliuona ukimetameta, akageuza uso ukutani.

"Ahadi," alisema. Neno lilitoka kama tone kwenye bomba lisilofungwa vizuri.

Alikuwa tayari kufa na tai shingoni.

Mwanamke alikaa kwenye kiti kando ya kitanda. Joto lilikuwa limeinama juu ya paa, mawingu yamesimama bila kuamua. Hakuwa na maombi marefu. Alisema, Mungu wangu, mimi najua kukamua matunda tu. Nionyeshe. Kisha macho yakamwelemea.

Aliona chumba kimejaa maji mpaka usawa wa dirisha, maji maangavu, wala hakuna kilicholowa. Mirija ilikuwa imeota sakafuni kama matete, meupe, marefu, yanayumba pamoja, na kutoka ndani ya kila mmoja ilisikika sauti ndogo ya mtu anayekunywa. Fundi alikuwa akitembea katikati yake kwa miguu yote miwili, begi begani. Hakuwa na haraka. Alipiga magoti mbele ya sinki la jikoni, lile la nyumba yao ya kwanza, ambapo bomba lilikuwa limekula kutu ndani ya ukuta na mwenye nyumba amekataa ukuta kuvunjwa.

"Shika tochi, mama," alisema.

Akashika. Fundi alichukua bomba jipya, jembamba, akaliingiza ndani ya lile la zamani, taratibu, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Ukuta haukujua lolote. Bomba la kutu lilibaki pale pale lilipozoea kuonekana, na maji yakapita ndani kwa ndani, yakaimba.

Aliamka matone ya kwanza yakigonga bati. Akayasikiliza. Haikuwa ndoto tupu. Jambo lile lilitokea kweli, mwaka walipooana, na tochi aliishika yeye.

Alikwenda kibandani kwenye mvua. Alichagua mrija wa karatasi mnene, wa juisi nzito ya parachichi, kisha akauingiza ndani yake ule mwembamba wa plastiki. Uliingia kama uliokuwa ukingojwa. Akaomba mkasi kwa wifi yake, akapunguza plastiki mpaka ikajificha ndani ya ncha ya karatasi. Wifi alimtazama muda wote bila kukanyaga pedali.

"Unampaka mafuta kwa mgongo wa chupa," alisema hatimaye.

"Nampa maji."

Wifi akaupokea mkasi wake, akakanyaga pedali.

Fundi alikunywa. Karatasi ililowa kwa nje lakini haikubanana, maana ilikuwa na mfupa ndani. Glasi ya kwanza iliisha. Akautazama mrija, akapandisha ile nyusi iliyokuwa bado inamtii, akaishusha. Akaomba ya pili.

"Karatasi," alisema baadaye, "nzuri."

Mkewe aligeukia dirishani, kana kwamba kuna mtu amemwita.

Mvua zikaendelea, na siku zikapita zikiwa zimelowa na laini. Kila asubuhi aliuvua mrija koti lake la karatasi lililochakaa, akauosha mrija wa ndani kwa maji ya moto na sabuni, akautundika kwenye msumari juu ya sinki ukauke, kisha akauvisha koti jipya. Midomo ya Fundi ikapona nyufa. Nesi alikuja, akamfinya ngozi, nayo ikakimbia kurudi mahali pake. Alimsifu mama kwa subira yake, na sifa zile zilimchoma kama pasi.

Kibandani aliihamisha mirija ya karatasi kwenye kopo kavu lenye mfuniko, akaanza kuwauliza wateja kwanza kama kweli wanahitaji mrija. Wengi walijitazama, kama watu walioulizwa kama wana midomo, wakainua glasi wakanywa. Wifi alisema biashara ya wifi yake imegeuka mahubiri. Lakini hata hiyo furaha ndogo haikumshukia vizuri, kwa sababu nyumbani alikuwa mwongo.

Uongo huo ulimpata zaidi kwenye sala. Jioni, kabla ya chakula, walikuwa na desturi yao wawili. Zamani Fundi ndiye aliyeongoza. Sasa yeye alisema maneno, mumewe akafunga kwa amina. Alipofika pale pa kuomba waongozwe katika kweli, ulimi ulimganda. Fundi alisubiri na jicho limefumbwa. Amina ilikuja imechelewa, imechoka njiani. Na mkewe akilala mchana, kile chumba cha maji kilimrudia, ila sasa maji yalikuwa na rangi ya mapambazuko kama yale ya glasi, naye alikuwa akipapasa katikati ya matete akitafuta tochi.

Jioni moja mvua ilikata ghafla, na mwanga wa njano ukaingia mpaka chini ya kitanda, ukaliangazia begi la spana. Nje maji ya mtaro yalisikika yakikimbia bila kukwama. Fundi aliinamisha kichwa akayasikiliza, kama mwingine anavyosikiliza wimbo wa utotoni. Mkewe akamtazama, na moyo ukamwambia leo. Akimwambia, mumewe atageukia ukuta na kiu itarudi, na baada ya kiu, wodi. Asipomwambia, atakuwa amemwibia mgonjwa kazi yake ya mwisho, kila siku, huku akimfunga kitambaa kifuani.

Akaanza sala. Alipofika pale pale, akakwama pale pale.

"Mama," alisema Fundi. "Lete."

Akamsogezea glasi yake. Fundi aliuchomoa mrija kwa mkono wake wa kushoto, akaupeleka sikioni, akaugonga kwa ukucha. Mara moja. Akasikiliza.

"Bomba," alisema. Akapumzika. "Ndani ya bomba."

Mwanamke akaketi ukingoni mwa kitanda. Mtu aliyekuwa akigonga kuta za watu na kujua bomba limepita wapi na lina umri gani, yeye alifikiri atamficha mrija. Alimuuliza amejua tangu lini. Fundi alinyanyua kidole chake kuelekea glasi: ile ya kwanza.

"Sasa kwa nini ulikunywa, baba?"

Alichukua muda mrefu kuyakusanya maneno, naye hakumkusanyia. Nje mtaro uliendelea kuimba.

"Kiu," alisema Fundi, na upande mmoja wa uso wake ukacheka. Kisha akaelekeza macho kwenye mlango wa jikoni, kwenye msumari juu ya sinki, ambao kutoka kitandani ulionekana vizuri. Ndipo mkewe alipoelewa kwamba kila asubuhi, wakati yeye akiosha na kutundika akidhani mgonjwa amelala, jicho la mlinzi wa ghala lilikuwa wazi.

"Ule ule," alisema. Akauonyesha mrija, mahali palipokuwa na alama ndogo ya jino lake. "Hujautupa."

Aliivua karatasi mwenyewe. Ilimchukua muda, kwa mkono mmoja na meno, na mkewe alikunja vidole vyake mapajani ili visimsaidie. Karatasi iliyolowa alimkabidhi. Mrija wa plastiki, mtupu, mwembamba, aliutazama kama anavyotazamwa adui mzee aliyekuja kuomba pa kulala. Akaurudisha ndani ya glasi.

"Malizia," alisema.

Mwanamke akaimalizia sala, maneno yote, hata lile, na amina ya Fundi ikafika kabla yeye hajanyamaza.

Akamshikia glasi. Fundi aliusogelea mrija, akasita kidogo, akamtazama.

"Ulishika tochi vizuri," alisema.

Mwanamke hakuwa amemsimulia mtu ndoto ile, hata wifi yake. Alifungua mdomo amuulize, akaacha. Mumewe alikuwa ameanza kunyonya, na kwa kuwa sasa hakukuwa na karatasi ya kuyaficha, aliyaona maji yenyewe, yamebeba mwanga wote wa dirishani, yakipanda taratibu ndani ya mrija, yakisimama alipopumzika, yakipanda tena.