Supu Ambayo Sikunywa

Watu waliotangaza kwamba waliniponya ni wengi kuliko wale walionisaidia kuoga, na nimechoka kuwashukuru. Apiyo, jirani yangu hapa Migosi, anasema ni majani ya mstafeli aliyonichemshia, aliyoyatoa kwao Pap Onditi. Shemeji yangu Wakhungu anasema ni maombi yake ya simu, yale ya dakika arobaini, yeye akiwa Busia anapaza sauti na mimi hapa Kisumu nimeweka simu juu ya mto nimelala fofofo. Daktari, ambaye ndiye aliyenidunga sindano, hasemi ameniponya. Yeye alisema tu, "Mwalimu, kwa sasa saratani haionekani. Sijasema haipo. Tutaangalia tena Desemba." Katika watu wote hawa, ni yeye peke yake ambaye hakuna anayemnukuu.

Lakini hakuna anayemshinda Lorine. Lorine ni dada ya mume wangu Wabwire, na kwa Lorine mimi nilipona kwa kuku.

Ilikuwa mwaka jana, wiki ya kemo ya tatu. Kila nilichotia mdomoni kilikuwa na ladha ya sarafu, kucha zilikuwa zimeingia weusi, na nywele nilizipoteza hata za kope. Lorine akaja kutoka nyumbani na kuku wa kienyeji ndani ya mfuko, kichwa kimechungulia nje kama abiria aliyelipa nauli yake. Kuku mwekundu, shingo nyeupe, mguu wa kushoto umepungua kidole kimoja. Akamkabidhi kaka yake kwa mikono miwili. "Achinjwe kesho. Supu yote anywe mulamwa. Nyama ale yeye. Hata imondo apewe yeye."

Mulamwa, yaani wifi, ni mimi. Imondo, kwa wasiojua, ni firigisi, na kwa watu wetu firigisi ni ya mwenye nyumba. Mke akipewa, ni jambo la kuitishiwa kikao. Hapo ndipo nilipojua kwamba ninakufa.

Asubuhi Lorine akarudi kwake. Mimi nikamwambia Wabwire kwamba akipika kitu chochote humu ndani nitamtapikia miguuni. Kuku hakuchinjwa. Jioni Lorine akapiga simu kuuliza, na mume wangu, ambaye tangu azaliwe hajawahi kumwambia dada yake hapana, akajibu, "Amekunywa yote. Anauliza kama kuna nyingine."

Uongo huo ukapanda madhabahuni. Jumapili ya kwanza Lorine alishuhudia kwamba nimekaa kitandani. Jumapili ya pili nilikuwa nimetembea hadi langoni. Kufikia Pasaka nilikuwa nimekunywa vijiko vitatu tu, nikaruka kutoka kitandani, nikafagia uwanja na kuitisha jembe. Haki ya Mungu, jembe! Mimi ni mwalimu wa hesabu, sijawahi kuitisha jembe maishani.

Kuku naye alikuwa amehamia. Nilimwita Chifu kwa sababu hapiti mahali bila kuitisha baraza. Tuna paka pia, Karani, mkubwa, mnene, mvivu wa kupindukia. Chifu alimdonoa pua mara moja tu, na tangu siku hiyo Karani anapita nyuma ya kochi kama mtu anayekwepa mwenye nyumba. Nilipoanza kujifunza kutembea tena, kutoka kitandani hadi langoni, Chifu alikuwa akitangulia, akifika mbele anageuka kuniangalia kwa jicho moja, kama anayeuliza kwani kuna shida gani. Yai lake la kwanza alilitaga ndani ya wigi yangu. Wigi yenyewe ilikuwa inaniwasha, nikamwachia. Kila asubuhi Wabwire akichelewa kumwaga mahindi, Chifu humfuata hadi mlango wa choo akimgombeza, na Wabwire humjibu kutoka ndani, "Nakuja, nakuja, kwani umeajiriwa na nani?" Mimi nikiwa kitandani nawasikia wawili hao, nacheka mpaka kovu la upasuaji kifuani linauma.

Sasa, mwezi wa saba, vipimo vikatoka vizuri. Wakhungu akapiga simu: ukoo unakuja Jumamosi kutoa shukrani. Watu sita. Na mimi nitasimama niseme kwa mdomo wangu jinsi kuku wa Lorine alivyoniinua.

"Baba Becky," nikamwambia mume wangu, "kuku wa Lorine yuko hapo kwenye kiti chako."

Alikuwepo kweli. Wabwire akamwangalia, akaniangalia.

"Mwambie dada yako ukweli," nikasema.

"Wee! Unataka kuniua?"

"Kwani wewe ndiye uliyekuwa na saratani?"

Tukakubaliana Chifu alale kwa Apiyo Ijumaa na ashinde huko Jumamosi. Wabwire akaenda soko la Kibuye akaleta kuku wawili, nikawapika mwenyewe. Kuku nala, mtu asinidhanie vibaya. Hao wa Kibuye hatukuwa tumejuana.

Jumamosi wakaja, wakaketi, wakanywa chai, wakaniangalia nywele. Zimeota fupi, nyeupe, zimejikunja. "Zinapendeza," wakasema, kwa sauti ile watu wanayotumia kumsifu maiti. Wakhungu akafungua kwa maombi. Kisha Lorine akasimama, kitambaa cheupe kichwani, akaanza. Kijiko cha kwanza, nikafungua macho. Kijiko cha pili, nikaita jina la Bwana. Alikuwa ameinua mkono kwa ajili ya kijiko cha tatu mlango ulipogongwa.

"Hodi! Mama Becky, poleni jameni." Ni Apiyo, kuku kwapani. "Huyu mtu wako amenishinda. Hali, hanywi, amenichafulia viti, anakulilia tu."

Chifu aliponiona alipiga teke, akaanguka sakafuni, akakanyaga viatu vya Wakhungu, akaruka mapajani mwangu na kukaa. Apiyo akaona nyuso za wageni, akaona uso wangu, akasema ameacha maharagwe jikoni, akatoweka.

Lorine hakumwangalia kuku usoni. Alimwangalia mguu.

"Kidole," akasema. "Kidole hiki kilikatwa na mlango wa jikoni yangu. Wabwire! Huyu ni kuku wangu!"

Wabwire alikuwa akisoma dari.

"Kama kuku wangu ni huyu, mulamwa alikunywa supu ya nani?"

"Hakuna supu," nikasema. "Sikunywa. Lorine, nisamehe, nilikuwa hata maji hayapiti, na kaka yako anakuogopa."

Nilidhani mambo yataishia hapo. Tutaona aibu kidogo, mtu atacheka, tutakula. Nilikuwa nimewadharau wakwe zangu. Wakhungu alifumba macho, kama anavyofumba akiongoza kamati za mazishi.

"Kama supu haikunywewa," akasema polepole, "basi dawa haijaingia. Na kama dawa haijaingia..."

Wote sita wakaniangalia kifua.

"Ndiyo maana daktari anataka kumwona tena Desemba," mmoja akanong'ona. Daktari wangu maskini, siku ya kwanza kunukuliwa na ndiyo hiyo.

"Achinjwe sasa hivi," Lorine akasema. "Hatujachelewa. Supu nitaipika mwenyewe." Na alikuwa akilia. Sitamsingizia, hakuwa akiigiza. Alitaka niishi. Alitaka na ushuhuda wake uishi pia, lakini mimi kwanza.

"Hachinjwi mtu hapa," nikasema.

"Mulamwa, huyo si mtu."

"Hata wewe nilikuzoea polepole."

"Wabwire," Wakhungu akasema, "kisu."

Na mume wangu akasimama. Miaka ishirini na tisa ya ndoa, mtu niliyemlisha, niliyemfulia, akainama akamtoa Chifu mapajani mwangu bila kunitazama, akapita mlango wa jikoni. Nikasikia droo ikifunguliwa. Damu ilinipanda. Nilimpa dakika mbili za kuona haya mwenyewe, kisha nikamfuata, mdomo umejaa matusi ya Kimaragoli ambayo mama yangu alinikataza kuyatumia nikiolewa.

Alikuwa amechuchumaa huko nje, kando ya tangi la maji. Chifu alikuwa kwapani mwake, ametulia. Kisu kilikuwa chini.

"Baba Becky, ukimgusa huyo, utalala na sufuria."

"Siwezi," akasema.

"Huwezi nini?"

"Hata ile siku sikuweza." Alikuwa akiongea na tangi. "Wewe unadhani niliacha kwa sababu ya harufu. Nilitoka na kisu mpaka hapa hapa. Ulikuwa hujafungua macho tangu asubuhi, nilikuwa nimekuita mara tatu. Nikasema, nikiua kitu katika nyumba hii leo, kifo kitajua njia. Nikakirudisha kisu. Nikamdanganya Lorine."

"Na leo?"

"Leo naogopa kumwacha. Na kama Lorine anasema kweli? Mimi sijui, Mama Becky. Hakuna anayeniambia kitu. Mtu akiniambia nile mchanga upone, nitakula mchanga."

Matusi yote ya Kimaragoli yaliniisha. Nilimwangalia mtu huyu mzima, suruali yake ya kanisani imelowa magotini, na nikaona kwamba kwa mwaka mzima nilikuwa nimeogopa peke yangu chumbani, na yeye ameogopa peke yake huku nje kwenye tangi, na hatukuwahi kukutana. Nilimshika bega. Nililia kidogo, sitakataa. Kisha nikaokota kisu nikarudi ndani.

"Wabwire hachinji," nikawaambia, "na mimi sinywi. Mlikuja kusikia ushuhuda, nao ni huu. Sijui kama nimepona. Kila asubuhi najipapasa kwapani kabla sijasali. Nikikohoa, nahesabu. Sasa mtu asinisimulie tena jinsi nilivyopona, na asinisimulie jinsi ambavyo sijapona. Kama mnanipenda, niacheni nisijue kwa amani."

Bahati mbaya nilikuwa bado nimeshika kisu, na nadhani kilisaidia.

Wakhungu alifumba macho tena. Lazima atoe uamuzi, ndivyo alivyoumbwa. Ukimnyima uamuzi anaumwa tumbo. "Tutaahirisha," akasema. "Desemba tusikie neno la daktari. Likiwa jema, kuku amesamehewa. Likiwa baya, supu siku hiyo hiyo."

"Na ushuhuda wangu?" Lorine akauliza.

"Hauna kosa, dada. Umetangulia tu."

Wote wakapumua. Wakashangilia kabisa, kama kwamba kuna mtu aliyeshinda kitu. Wakala kuku wote wawili wa Kibuye, wakasifu mchuzi, na Wakhungu akapewa firigisi zote mbili bila kuulizwa. Walipokuwa wakitoka, Lorine alinikumbatia kwa nguvu upande ule usio na kovu, akakumbuka mwenyewe. Kisha akamwinua Chifu, akambonyeza kifua kwa vidole viwili.

"Mmlishe mahindi," akasema.

Basi ndivyo tulivyobaki, mimi na kuku, tumepewa tarehe moja. Nilisimama langoni mpaka walipokata kona, halafu nikarudi jikoni kuosha vyombo. Jua lilikuwa bado lipo. Nilikuwa nikiosha, Wabwire akisuuza, Karani akilamba mifupa chini ya meza kwa mara ya kwanza bila kufukuzwa, kwa sababu Chifu alikuwa amelala kwenye kiti chake.

"Na Desemba ikiwa mbaya?" Wabwire akauliza. Hakuniangalia.

"Ikiwa mbaya ndiyo usimguse kabisa."

"Lorine atakuja na kisu chake."

"Mfungie lango. Baba Becky, nisikilize. Ikiwa nzuri, hata mkimla nitanuna wiki moja yaishe. Lakini ikiwa mbaya, huyu abaki. Becky yuko Nairobi na watoto wake. Karani ni paka, hata ukianguka atakuruka aende. Asubuhi nani atakuwa akikugombeza?"

Alisuuza sahani ile ile mara tatu.

"Mimi simtaki kuku," akasema.

"Najua," nikamwambia, nikampa sahani nyingine.