Vijiko Saba vya Baruti

Nchi ya Shabahani ilikaa baina ya milima miwili iliyotazamana kama watu waliogombana wakachoka kusemezana, na katikati yake palikuwa na bonde refu lisilolimwa, maana kila chipukizi kilichothubutu kuota humo kilifyekwa ili macho ya wakubwa yasizuiwe. Mlima wa mashariki ulibeba jumba la Mlenga Mkuu, lenye baraza pana ya mawe meupe. Mlima wa magharibi ulibeba ubao mmoja tu wa mninga, mnene kuliko urefu wa kidole, uliochorwa duara jeusi katikati. Watu waliishi kwenye miteremko, nusu huku nusu kule, nao walikuwa wamezoea kupita pembeni mwa bonde wameinamisha vichwa, hata siku ambazo hakuna aliyeshika bunduki. Nchi hiyo haikutawaliwa kwa kura wala kwa ukoo. Kila mwaka baada ya mavuno, Mlenga Mkuu alipiga risasi tano kuvuka bonde, na sheria ya kale ilisema kwamba mwenye mkono unaojua unakokwenda ndiye mwenye haki ya kuwaongoza wengine.

Mlenga Mkuu wa zama hizo, Gongomea, alikuwa ametawala miaka kumi na tisa bila risasi zake mbili kukaa jirani. Ubao ulipopitishwa sokoni, matundu yake yalitawanyika kama vifaranga walioona kipanga. Lakini hakuna aliyemlaumu. Mpiga mbiu alitangulia akitangaza kuwa mkono wa Mlenga haujakosea tangu azaliwe, ila risasi zimetawanywa na aliyezijaza. Kisha mjazaji aliitwa uwanjani, akakatwa kidole gumba cha mkono wa kulia, na watu wakarudi makwao na utulivu wa mtu aliyeonyeshwa mwizi wake.

Mwaka wa ishirini zamu ilimwangukia Nyamizi.

Alikuwa msichana asiyejibu mpaka aulizwe mara mbili, na kazi ya kujaza risasi aliirithi kwa mjomba wake, Ndalahwa, aliyepoteza kidole mwaka uliotangulia. Walikula pamoja kila siku, na kila siku Nyamizi alijifanya haoni. Siku moja Ndalahwa alimega ugali, akajaribu kulifinyanga tonge kwa vidole vinne, tonge likamponyoka na kuanguka kwenye mchuzi.

"Mboga imeamua kula yenyewe," alisema Ndalahwa.

Nyamizi hakucheka. Alitazama kidole gumba chake mwenyewe, akakificha ndani ya ngumi.

Tangu siku hiyo hakutulia. Kwenye machimbo ya kokoto nyuma ya nyumba aliifunga bunduki ya zamani juu ya magunia ya mchanga, akaikaza hata pumzi ya mtu isiitikise, kwa maana alitaka kusikia neno la risasi peke yake, bila neno la mkono. Alichambua maganda ya shaba kama mtu achambuaye mchele, akatenga yaliyolingana uzito na yaliyotoka kalibu moja. Alipima baruti kwenye mizani ndogo ya mfua dhahabu, punje kwa punje, huku amebana pumzi. Alichonga kijiti cha mwanzi chenye pengo, ili kila kichwa cha risasi kizame ndani ya ganda lake kina kile kile. Alipiga tano, akatembea hadi kwenye kipande cha ubao, akatazama, akarudi, akabadilisha kitu kimoja.

"Kimoja tu," Ndalahwa alimkumbusha. "Ukibadilisha viwili, hutajua ni kipi kilichokujibu."

"Nimebakiza siku tisa, mjomba. Nikienda kimoja kimoja sitafika."

"Ukienda viwili viwili utafika, ila hutajua umefika wapi."

Kwa hiyo alikwenda kimoja kimoja, halali vizuri, hali vizuri, akizunguka kati ya mizani na machimbo kama kuku anayetafuta pa kutagia. Vipande vya ubao vilijaa ukutani. Mtawanyiko wa matundu ulioanza ukiwa mpana kama ungo ukawa mpana kama sahani, ukawa kama kisahani, na siku ya tatu kabla ya sherehe risasi tano zilikaa mahali ambapo kokwa moja ya ukwaju ilitosha kuzifunika.

Nyamizi alikaa chini kwenye kokoto. Ndalahwa naye akakaa.

"Sasa nikwambie jambo ambalo nilipaswa kukwambia mapema," alisema Ndalahwa. "Hata mimi nilifika hapa mwaka jana."

"Basi kwa nini zilitawanyika?"

"Vijiko."

Nyamizi alielewa. Hakuna mtoto wa Shabahani asiyejua desturi ya vijiko. Asubuhi ya sherehe washauri saba wa Mlenga hupita mbele ya maganda matano, na kila mmoja, kwa kijiko chake kidogo kama cha kuchokonolea sikio, hutia baruti katika kila ganda, kuonyesha kwamba nguvu ya Mlenga ni nguvu ya wote. Ndipo mjazaji hupewa maganda, naye kazi yake ni kuyafunga kwa vichwa vya risasi tu.

"Vijiko havilingani," alisema Ndalahwa. "Anayetaka kupendwa hujaza mpaka kimwagike. Aliyenuna hutia nusu. Na Pakacha, mtunza ghala, hutia masizi ya mkaa, maana baruti halisi ya ghala ameshawauzia wawindaji kwa siri."

"Mtu akivimwaga vijiko vyao, akatia vyake?"

"Nilifikiria hivyo. Nikauliza ni nini hukatwa."

"Nini?"

Ndalahwa alijigusa shingo, kisha akaondoka kwenda kukoka moto.

Asubuhi ya sherehe washauri saba walipita na majoho yao yaliyofagia sakafu. Nyamizi alisimama pembeni ya meza na sinia lake. Mmoja alitia kijiko kilichofurika, akakitikisa ili kila mtu aone. Mwingine alitia huku anatazama dari. Pakacha, mnene mwenye sauti laini, alitia unga uliokuwa mweusi mno, usiong'aa.

"Binti umekunja ngumi," alisema. "Bado unakipenda kidole chako?"

"Nimekizoea, Mheshimiwa."

"Utazoea na kutokuwa nacho. Mjomba wako hakuzoea?"

Washauri walicheka, wakaenda kwenye karamu, na harufu ya nyama ya kuchoma ikamchukua hata askari wa mlangoni. Nyamizi alibaki na maganda matano. Aliutazama mlango. Alikitazama kidole chake. Kisha akatandaza kanga yake mezani, akapindua ganda la kwanza, na heshima yote ya washauri saba ikamwagika juu ya kitambaa, kijivu mahali pengine, nyeusi pengine. Akatoa kichupa alichokificha kiunoni, chenye vipimo vitano vilivyofungwa kila kimoja katika jani lake.

Alikuwa amefika ganda la nne Pakacha aliporudi kuchukua kijiko alichokisahau.

Mtunza ghala alisimama mlangoni. Aliona maganda, aliona kanga, aliona vidole vyeusi. Alifungua kinywa kuwaita askari. Macho yake yakaangukia juu ya kanga, pale masizi ya mkaa yalipojitenga na baruti ya wenzake kama uongo unavyojitenga na kweli ukiwekwa juani. Kinywa kikabaki wazi bila kazi. Kumshtaki binti kungehitaji kuleta ile kanga mbele ya watu.

"Unafanya nini?" aliuliza, sauti chini.

"Nafuta vumbi, Mheshimiwa."

Pakacha alikichukua kijiko chake, akakifuta kwa joho.

"Futa," alisema. "Futa vizuri, kisha hiyo kanga uichome."

Alasiri watu walijaa kwenye miteremko yote miwili. Mlenga Mkuu Gongomea aliketi juu ya kiti chake kirefu barazani, bunduki begani, na Nyamizi akasimama karibu akimshikia sinia, karibu kuliko mtu yeyote aliyewahi kusimama pasipo joho. Hapo akaona jambo ambalo hakulipima katika siku zake zote za machimboni. Kabla ya kila mlio Mlenga alifumba macho, yote mawili, na bega lake likaruka kushoto kama la mtu aliyeguswa na kidole cha baridi. Mara tano, vile vile, bila kupungua.

Walioukimbilia ubao walibaki wamekodoa. Duara jeusi lilikuwa safi. Chini kabisa, upande wa kushoto, karibu na ukingo, palikuwa na tundu moja. Walidhani nne zimepotea hewani, mpaka walipochimba udongo wa nyuma na kuzikuta zote tano zimelaliana.

Habari ilipofika barazani, mpiga mbiu alivuta pumzi kutangaza, akaitoa tupu. Hapakuwa na kilichotawanyika. Mkata vidole alimsogelea mshauri mmoja na kisu chake.

"Samahani, wakubwa. Nimkate nani?"

Pakacha alikuwa anautazama mlima wa mbali kwa bidii kubwa.

"Ubao uchomwe," alisema Gongomea.

Lakini ubao ulikuwa ng'ambo. Kule, muuza kunde aitwaye Mbalu, aliyekaa mteremko wa magharibi maisha yake yote, alikuwa amepita nyuma ya ubao na kutia jicho kwenye tundu.

"Unaona nini, mama?" aliuliza aliyekuwa nyuma yake.

"Namwona yeye."

"Nani?"

"Yeye. Amekaa kitini. Hakionekani kitu kingine, si jumba, si askari. Ni mtu mmoja, mdogo hivi."

"Hebu sogea kidogo nami nione."

Wakaanza kujipanga. Kwanza watu kumi, halafu mstari ukashuka mteremko na kukunja kona, na kila aliyetazama aliondoka ameinua kichwa.

"Wanafanya nini wale?" aliuliza Gongomea.

Washauri walitazamana. Nyamizi aliulizwa mara ya pili, ndipo akajibu.

"Wanakutazama, Mkuu."

Gongomea akashika mikono ya kiti chake, akakisogeza hatua moja upande wa kulia. Ng'ambo ya bonde, watu wawili waliushika ubao wa mninga, wakaugeuza kidogo, na mstari ukaendelea.