Dobi na Nyonga ya Jiwe

Binti wa dobi wa hospitali alikuwa fundi mwashi. Mtaani walimwita Jiwe, maana tofali lilipomwangukia mguuni alilisukuma kando akaendelea kupanga ukuta. Kwa hiyo mimba yake ya kwanza ilipofika miezi saba, akawa hanyanyuki bila kushika meza, dobi, mama yake, roho haikutulia.

Kliniki walisema nyonga kuuma ni kawaida, mtoto anakua. Mama mkwe wa Jiwe naye akadakia, "Sisi tumezaa saba na hatukuchechemea."

Lakini asubuhi moja dobi alimkuta Jiwe ameegemea mlango wa bafu, machozi yanamtiririka, mguu hauinuki hata kuvaa ndala. Hakuuliza mtu. Alimpakia kwenye teksi hadi hospitalini kwake, akamkalisha kwenye kiti cha magurudumu na kumsukuma moja kwa moja hadi kwa daktari wa mifupa.

"Mama, barua ya rufaa iko wapi?" daktari aliuliza.

"Sina barua, nina mtoto niliyemzaa mwenyewe. Huyu hajui kulia, daktari. Ukiona analia, kuna kitu kimevunjika."

Daktari alitabasamu. Alipomgusa Jiwe nyongani, tabasamu likakatika. Akaagiza kipimo cha sumaku, yaani MRI, kisicho na mionzi ya kumdhuru mtoto. Jibu likaja: shingo ya mfupa wa paja ilikuwa na ufa.

"Ni nadra, ila hutokea," alieleza. "Mimba inaweza kupunguza madini ya mifupa mpaka ikawa dhaifu. Angeutembelea mguu huu siku chache zaidi, mfupa ungekatika kabisa."

Wakamfanyia upasuaji, wakaukaza mfupa kwa skrubu. Baada ya wiki kadhaa mtoto akatolewa kwa upasuaji, msichana mwenye sauti kama honi ya lori. Jiwe alishauriwa asinyonyeshe ili mifupa ipate nafuu, na hilo lilimuuma kuliko kisu. Mama mkwe, kwa aibu, alijifunza kukoroga maziwa ya kopo na hakumwachia mtu mwingine chupa.

Miezi mitatu baadaye daktari aliwakusanya wakunga, akamwita dobi kutoka kwenye mapipa ya mashuka. "Mjamzito akishindwa kukanyaga, msimwambie ni mimba tu," aliwaambia. "Mimi nilifundishwa na huyu mama."

Wakunga wakapiga makofi. Dobi alisimama kidete, mikono imejaa povu, akasema, "Mimi namjua mwanangu, basi." Mchana huo hakugusa chakula. Alishiba.